Gavana wa Benki Kuu na Pesa Zilizo Kwenye Simu Yako

Umewahi kujiuliza nani huamua unaweza kutuma pesa ngapi kwa mara moja, au nani anaruhusiwa kukukopesha kwa simu? Si sisi peke yetu. Mengi huamuliwa katikati ya jiji, Benki Kuu ya Kenya (CBK), Barabara ya Haile Selassie. Leo tujifunze kupitia gavana mmoja, Dkt. Patrick Njoroge.

Alisomea uchumi Chuo Kikuu cha Nairobi na Yale, Marekani, kisha akafanya kazi Shirika la Fedha la Kimataifa (IMF) miaka 20. Aliingia CBK Juni 2015, akakataa nyumba rasmi ya gavana kule Muthaiga, akaishi Loresho, magharibi mwa Nairobi. Alihudumu mihula miwili, hadi Juni 2023. Mambo mawili ya wakati wake yalifika hadi kwenye simu yako.

1. Ada na viwango

Korona ilipoingia Machi 2020, CBK ilitaka watu wapunguze kushika noti. Kutuma hadi shilingi 1,000 kukawa bure, na kiwango cha kutuma mara moja kikapanda kutoka 70,000 hadi 150,000. Wakati huo, ulipomtumia mama mboga wa Kangemi mia mbili, hukukatwa kitu. Msamaha huo wa ada uliisha mwisho wa 2020.

2. Mikopo ya simu

Zamani ukichelewa kulipa, wakopeshaji wengine walipigia shemeji, bosi, hata pasta wako. Sheria ya Desemba 2021 iliwaweka chini ya CBK. Kanuni za Machi 2022 zikapiga marufuku vitisho, matusi na kusumbua watu ulio na namba zao. Septemba 2022, kampuni 10 za kwanza zikapata leseni.

Kwa hivyo, kabla ya kukopa:

- Tafuta jina la kampuni kwenye orodha iliyo katika tovuti ya CBK. Halipo? Achana nayo.
- Programu ikiomba kuona namba zako zote, kataa.
- Uliza jumla utakayolipa, si riba tu.
- Ukitishwa, usifute ujumbe. Ndio ushahidi wako ukilalamika CBK.

Tangu Juni 2023 gavana ni Dkt. Kamau Thugge. Magavana hubadilika, lakini kidole kinachobonyeza "Kubali" ni chako. Soma kwanza.