Vifaa vya Kutunzia Kucha Nyumbani na Bwenini

Wako watu wadhanio kwamba kutunza kucha ni kazi ya saluni, tena ya wenye fedha. Sivyo. Kucha za mikono hukua kiasi cha milimita 3 kwa mwezi, za wasichana na za wavulana pia. Zikiachwa ndefu, uchafu hukaa chini yake, na pengine mayai ya minyoo, ambayo huingia tumboni tulapo kwa mkono.

Vifaa vipasavyo ni hivi:

1. Kikata kucha, au mkasi mdogo.
2. Tupa ndogo ya kucha.
3. Brashi laini. Mswaki mkuukuu uliooshwa vizuri wafaa.
4. Beseni, maji ya vuguvugu na sabuni.
5. Kitambaa safi.
6. Mafuta ya nazi kidogo.

Kwanza, loweka vidole katika maji ya sabuni kwa muda wa dakika 5 ili kucha zilainike. Sugua chini ya kucha kwa brashi, kisha kausha. Kucha za mikono zikatwe kwa kufuata umbo la kidole. Za miguu zikatwe kwa kunyoosha, kwani zikizungushwa sana pembeni huweza kuchoma nyama. Lainisha ncha kwa tupa, ukielekea upande mmoja tu. Mwisho, paka mafuta.

Ule utando mwembamba wa ngozi ulio kwenye shina la ukucha usikatwe. Huo ni kama mlango uliofungwa: huzuia vijidudu visiingie. Ukitokeza mbele, usukume taratibu kwa kitambaa baada ya kuloweka.

Sasa nataka kusema juu ya wembe. Katika mabweni mengi wembe mmoja hupita mikononi mwa watu wengi. Wembe ukiteleza hukata nyama, na damu hubaki juu yake hata isipoonekana kwa macho. Virusi vya homa ya ini aina ya B huweza kukaa nje ya mwili siku 7, navyo vingali na nguvu ya kuambukiza. Hata kikata kucha kikipokezanwa huweza kupeleka kuvu kutoka kwa mtu hadi kwa mtu. Kwa hiyo kila mtu awe na chake, akioshe kwa sabuni na kukikausha kila amalizapo, kisipate kutu.

Najua kwamba sisi wa bwenini hugawana sabuni, sukari hata shuka, na anyimaye huitwa mchoyo. Lakini kumnyima mwenzio wembe si uchoyo. Ni kumlinda yeye na kujilinda mwenyewe.

Nanyi wazazi, mfungapo sanduku la mtoto, tieni kikata kucha pamoja na mswaki. Ni kitu kidogo, nacho hudumu miaka. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Mwanafunzi, Kidato cha IV