Mzigo wa Vitegemezi katika Programu Huria

Debian, mfumo huria ulioasisiwa mwaka wa 1993, hubainisha vitegemezi vya aina tatu: vya lazima, vinavyopendekezwa na vinavyodokezwa tu. Programu haifanyi kazi bila vya kwanza. Bila vya pili hufanya kazi, japo huenda ikapungukiwa na baadhi ya huduma. Hata hivyo, kwa kawaida apt husakinisha aina hizo mbili kwa pamoja. Hivyo, mwanafunzi mwenye tarakilishi kuukuu hujaza diski na kulipia data asiyoihitaji. Aidha, kila kifurushi cha ziada huhitaji kusasishwa, la sivyo huweza kuwa mlango wa wavamizi. Yafaa basi kuandika apt-get install --no-install-recommends, kisha jina la programu, na kuisoma orodha kabla ya kukubali. Kitakachokosekana baadaye kiongezwe peke yake.