Kutoka Igogo hadi Australia: Mwongozo kwa Maafisa Mahusiano Kazini

Kijitabu hiki ni cha nani?

Viwanda vya minofu ya sangara na maghala ya Igogo, jijini Mwanza, vimeajiri watu wengi: wengine wa kudumu, wengine vibarua wa kutwa. Kati ya mwajiri na watu hao yupo afisa anayeandaa mikataba, kusikiliza malalamiko, kujadili mkataba wa hali bora na chama cha wafanyakazi, na kufika mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, pale mgogoro unaposhindikana kumalizwa kazini.

Tumemwandikia afisa huyo. Australia hupokea wahamiaji wenye ujuzi, na kazi hii inatambuliwa katika mfumo wao kwa namba 223113. Ujumbe wetu ni mmoja: kitakachokuvusha ni kazi uliyoifanya kweli na unayoweza kuithibitisha kwa maandishi. Cheo peke yake hakitoshi.

1. Kazi inayohesabika

Ujuzi wa kazi hii hupimwa na taasisi ya Australia iitwayo VETASSESS. Wapimaji husoma majukumu yako kabla ya kuangalia unaitwa nani. Haya ndiyo yenye uzito:

• kushauri menejimenti au chama juu ya Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004;
• kujadili na kusimamia mikataba ya hali bora;
• kuchunguza malalamiko na kusimamia vikao vya nidhamu kwa haki;
• kuwakilisha upande mmoja katika usuluhishi na uamuzi CMA.

Mtumishi anayelipwa na chama cha wafanyakazi, kwa mfano TUICO, anaweza kuomba sawa na afisa wa kiwandani. Lakini anayeandika mahudhurio, kutunza mafaili na kuandaa mishahara huwekwa kundi la makarani, hata akiitwa afisa. Kiongozi wa tawi asiyelipwa naye hahesabiwi, kwa kuwa kazi lazima iwe ya kulipwa na ya saa zisizopungua 20 kwa wiki.

2. Elimu na uzoefu

Unahitaji shahada inayolingana na shahada ya kwanza ya Australia, katika fani inayoendana na kazi: mahusiano kazini, rasilimali watu, sheria na nyinginezo za karibu. Mwenye stashahada ajiendeleze kwanza. Taasisi ya Ustawi wa Jamii, Dar es Salaam, ni miongoni mwa vyuo vinavyofundisha mahusiano kazini.

Uzoefu unaotakiwa ni angalau mwaka mmoja baada ya shahada, ndani ya miaka 5 iliyopita. Fani yako ikiwa mbali na kazi hii, utadaiwa miaka zaidi.

3. Ushahidi: hapa ndipo wengi hukwama

Barua ya mwajiri. Iwe na nembo ya kampuni, tarehe ya kuanza na kumaliza, saa za kazi kwa wiki, mshahara, majukumu yako moja baada ya jingine, na saini ya kiongozi anayeweza kupigiwa simu akathibitisha.

Ushahidi wa malipo. Tunza hati za mshahara, taarifa za benki na taarifa ya michango ya NSSF. Ukilipwa mkononi bila kumbukumbu, miaka hiyo ni vigumu kuithibitisha.

Hati za kisheria. Kifungu cha 15 cha Sheria ya Ajira kinamtaka mwajiri akupe maelezo ya ajira yako kwa maandishi. Kifungu cha 44 kinamtaka akupe hati ya utumishi ajira inapokoma. Ziombe bila woga. Ni haki yako.

Majina. Hakikisha jina ni lile lile kwenye cheti cha kuzaliwa cha RITA, vyeti vya shule, kitambulisho cha NIDA na pasipoti. Yakitofautiana, rekebisha mapema. Hati za Kiswahili zipeleke kwa mtafsiri anayetambuliwa.

Usichukue nakala za mafaili ya wafanyakazi au ya mashauri ili kuonyesha kazi yako. Siri za watu ulizokabidhiwa zibaki kazini.

4. Alama zako

Kwa visa za alama, namba 190 na 491, lazima uwe na umri chini ya miaka 45 unapoalikwa kuomba visa na upate alama 65 au zaidi. Tuchukue mfano wa afisa mwenye miaka 31:

• umri wa miaka 25 hadi 32: alama 30
• shahada ya kwanza: alama 15
• uzoefu wa miaka 5 hadi 7 nje ya Australia: alama 10
• Kiingereza, alama ya 7 katika kila stadi ya mtihani wa IELTS: alama 10
• jumla: 65

Uteuzi wa jimbo humwongezea alama 5 kwa visa 190, au 15 kwa visa 491. Kumbuka kwamba miaka iliyotumika kukutambua kama mwenye ujuzi haihesabiwi tena kwenye alama za uzoefu. Tena 65 ni kiwango cha chini tu. Wanaoalikwa mara nyingi huwa na zaidi.

5. Hatua kwa mpangilio

1. Hakikisha kazi yako ipo kwenye orodha ya sasa ya visa unayoitaka.
2. Fanya mtihani wa Kiingereza.
3. Peleka maombi VETASSESS.
4. Jisajili bila malipo kwenye SkillSelect, mfumo wa mtandaoni wa serikali ya Australia, na uombe uteuzi wa jimbo.
5. Ukialikwa, una siku 60 za kuomba visa.

6. Jihadhari

Mwaliko hauuzwi, na hakuna wakala mwenye uwezo wa kukuhakikishia visa. Anayejiita wakala wa ajira za nje, ulizia usajili wake TaESA, Wakala wa Huduma za Ajira Tanzania, kabla ya kumpa hata shilingi. Usikubali kuandikiwa barua ya kazi ya uongo: hati ya kughushi inaweza kukufungia visa nyingi za Australia kwa miaka 3.

Anza wiki hii. Andika majukumu yako yote, mpelekee mwajiri barua ya kuomba uthibitisho, na uchukue taarifa yako ya NSSF. Hata usiposafiri, kumbukumbu hizo zitakulinda hapa hapa nyumbani.