Viunga vya Mji na Bustani za Mboga

Mtu akisimama mahali palipoinuka katika mji wa Njombe ataona jinsi nchi ilivyokunjika: kilima, bonde, kisha kilima tena, na mabondeni mna vijito. Huko ndiko wenyeji walikozoea kulima vinyungu, yaani matuta ya mboga, mahindi na maharage yanayostawi kwa unyevu wa ardhi wakati wa kiangazi. Lakini mji unapanuka. Njombe ni makao ya mkoa tangu 2012, na Makambako, penye stesheni ya TAZARA na njia panda ya kwenda Songea, inapanuka vile vile. Tena Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 yakataza, ndani ya mita 60 za kingo za mto, shughuli za kudumu au zinazoweza kuharibu mahali hapo. Je, mama aliyezoea kulima kinyungu, naye anakaa mjini, alime wapi?

Kuchanganya mji na shamba si jambo geni. Mwaka 1898 Mwingereza Ebenezer Howard alieleza mji wa watu 32,000 katika ekari 6,000, na ekari 5,000 kati ya hizo ziwe za kilimo. Hapa kwetu, mpango wa mji mkuu wa Dodoma wa 1976 ulianza na kundi la nyumba kumi, kwa mfano wa mashina ya TANU. Kundi hilo lafaa sana, kwa kuwa watu wa nyumba kumi hujuana, na mvivu hana pa kujificha.

Tuchukue viwanja kumi vya mlimani, kila kimoja mita 20 kwa 30. Kila mwenye kiwanja akitoa theluthi moja, itapatikana bustani ya pamoja ya mita za mraba 2,000, karibu nusu ekari. Iwe katikati ya mteremko, si chini kabisa. Wanafunzi wa jiografia wanajua sababu yake: usiku hewa baridi ni nzito, hutelemka na kutuama bondeni, na mwezi wa Juni au Julai sakitu huunguza viazi vya chini kabla ya vile vya juu. Kwa hiyo kupanda juu kidogo ni kutii sheria na kukimbia baridi kwa pamoja.

Shida ni maji, na hapa hesabu ni kali. Bati la mita za mraba 100, mvua ikiwa milimita 1,000, hupokea lita 100,000 kwa mwaka. Mabati kumi hupokea lita milioni moja, lakini nyingi huja masika, wakati bustani haizihitaji. Kinachotufaa ni kile tunachoweza kuhifadhi. Tangi la saruji la mita 10 kwa 5, lenye kina cha mita 2, huchukua lita 100,000. Tukimwagilia lita 4 kwa kila mita ya mraba kila siku, bustani nzima italimaliza kwa siku 12 na nusu! Lakini tukimwagilia mita za mraba 200 tu, maji yatatosha siku 125. Basi kila nyumba ipate mita 20 za kabichi na chainizi za kiangazi, na sehemu iliyobaki ipandwe viazi na maharage ya masika. Si nyingi, lakini ni mboga ya nyumbani kwa miezi minne.

Makambako kazi ni nyingine. Upepo hukausha udongo upesi, kwa hiyo safu ya miti ipandwe kwanza upande unakotoka upepo, ndipo matuta yafuate.

Na mtu akiuza nyumba yake, je, sehemu ya bustani ni ya nani? Mimi naona ifuate nyumba, na jambo hilo liandikwe katika hati tangu siku ya kupima, kabla ya mtu wa kwanza kuhamia.