Uwiano wa Bango: Mambo ya Kuafikiana na Fundi Kabla ya Kulipa



Mtu anayefungua duka hutenga sehemu ya mtaji wake kwa ajili ya bango, akitumaini kwamba maandishi yake yatamwita mteja aliye barabarani. Wakati mwingine bango likishatundikwa ndipo hugundua kwamba jina la duka linasomeka kutoka mlangoni tu. Hapo mabishano huanza. Mteja hudai kwamba kazi ni mbovu, naye fundi hujibu kwamba aliandika kila neno aliloagizwa. Mara nyingi wote wawili husema kweli. Kilichokosekana ni mazungumzo kuhusu uwiano, yaani jinsi vipimo vya ubao, herufi, nafasi tupu na umbali wa msomaji vinavyotegemeana. Mazungumzo hayo hufaa kufanyika kabla ya fedha kutolewa.

Somo hili linakusudia kumwezesha mlaji kuyaelewa maelezo ya fundi, na kuyadai pale yasipotolewa. Halihitaji ujuzi wa uchoraji. Rula, futikamba na hesabu za kawaida zinatosha.

1. Anza na umbali wa msomaji

Swali la kwanza ni hili: nani atalisoma bango, naye atakuwa umbali gani? Kanuni ya kazi iliyozoeleka ni kwamba kila mita 3 za umbali zinahitaji sentimita 2.5 za kimo cha herufi, ili maandishi yasomeke bila taabu. Kwa hiyo msomaji aliye umbali wa mita 30 anahitaji herufi zenye kimo cha sentimita 25. Herufi ndogo kuliko hizo zinaweza kutambuliwa na mtu mwenye macho makali aliyesimama na kukazia, lakini mpita njia hasimami. Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa hupita takriban mita 14 kwa kila sekunde. Hivyo mita 30 humalizika kwa sekunde 2 hivi.

2. Jina refu hupunguza kimo cha herufi

Tuchukue mfano wa mwenye duka la dawa aliyechagua ubao wa futi 8 kwa 4, yaani takriban sentimita 240 kwa 120. Maneno DUKA LA DAWA yana herufi 10 na nafasi 2, jumla sehemu 12. Herufi kubwa ya kawaida, pamoja na pengo linaloifuata, huchukua upana unaokaribia sehemu saba ya kumi ya kimo chake. Ukiacha ukingo wa sentimita 12 kila upande, zinabaki sentimita 216, yaani sentimita 18 kwa kila sehemu. Kimo cha herufi kitakuwa sentimita 25 hivi, na bango litasomeka vizuri kutoka mita 30.

Sasa mwenye duka aongeze maneno katika mstari uleule hadi sehemu zifike 24. Upana wa kila sehemu utapungua kuwa sentimita 9, kimo kitashuka hadi sentimita 13 hivi, na umbali wa kusomeka vizuri utakuwa mita 15 tu. Ubao haukubadilika, wala bei yake, lakini kazi yake imepungua kwa nusu. Kwa sababu hiyo, fundi anayeshauri maneno yapunguzwe, au yagawanywe katika mistari miwili, asidhaniwe kuwa anakwepa kazi.

3. Nafasi tupu si hasara

Walaji wengi huona kwamba wamelipia ubao mzima, hivyo kila pembe ijazwe namba za simu, orodha ya huduma na picha. Lakini jicho hutambua herufi kwa kuitenganisha na kilicho pembeni yake. Inashauriwa walau theluthi moja ya ubao ibaki tupu. Vilevile unene wa mistari ya herufi uwe kati ya sehemu moja ya saba na moja ya tano ya kimo chake: kwa herufi ya sentimita 25, ni kati ya sentimita 3.5 na 5. Mistari ikiwa myembamba mno hufifia machoni. Ikiwa minene mno, matundu ya herufi kama A na D huzibika. Rangi nazo zitofautiane wazi, nyeusi juu ya njano kwa mfano. Njano juu ya nyeupe haionekani vema kwa mbali.

4. Picha ikuzwe, isivutwe

Nembo ya mviringo ikivutwa upande mmoja ili ijaze ubao mrefu, hugeuka umbo la yai. Herufi zikivutwa hivyo, mistari yake ya wima hunenepa na ya ulalo hubaki myembamba. Ukuzaji sahihi huongeza upana na kimo kwa kiwango kilekile. Ikiwa umbo la nembo halilingani na la ubao, mwombe fundi apange upya nembo na maneno.

5. Ukubwa na gharama

Ubao wa sentimita 120 kwa 60 una eneo la mita za mraba 0.72. Ukizidisha pande zote mbili mara mbili, unapata mita za mraba 2.88, yaani eneo mara nne. Bei inayotozwa kwa mita ya mraba nayo itakuwa mara nne. Aidha, ada ya mabango hukadiriwa kwa ukubwa wa bango. Ulizia katika halmashauri yako kabla ya kuagiza. Kupunguza maneno huenda kukakupa herufi unazozihitaji bila kuongeza ubao.

6. Jaribio la mchoro mdogo

Picha iliyo kwenye simu hudanganya, kwa kuwa huitazama ukiwa umeishika mkononi. Mwombe fundi akuchapie mchoro ambao sentimita 1 inawakilisha sentimita 10 za bango. Ubao wa sentimita 240 kwa 120 utakuwa sentimita 24 kwa 12, na utaenea kwenye karatasi ya A4. Hakikisha vipimo hivyo kwa rula. Kisha ubandike mchoro ukutani na kumwita mtu ambaye hajaona maandishi hayo. Asimame mita 3 kutoka ukutani, ambazo ni sawa na mita 30 mbele ya bango lenyewe. Usisome wewe, kwa maana unayajua maneno tayari na jicho lako litakusaidia kupita kiasi. Akishindwa kusoma, mchoro urekebishwe. Kubadili karatasi ni rahisi kuliko kubadili ubao uliokwisha kuchapwa.

7. Makubaliano yaandikwe

Wahenga walisema, mali bila daftari huisha bila habari. Kabla ya kutoa malipo ya awali, wewe na fundi mtie saini mchoro pamoja na karatasi inayoonesha:

- upana na kimo cha ubao;
- kimo cha herufi za kila mstari;
- maneno kamili, yakiwa yamehakikiwa tahajia;
- aina ya ubao na rangi;
- bei, tarehe ya kukabidhi, na nani atagharamia marekebisho.

Dai risiti kwa kila malipo. Siku ya kukabidhiwa, pima kwa futikamba kabla bango halijapandishwa.

Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mwenendo wa kupotosha katika biashara. Fundi aliyeahidi herufi za sentimita 25 na kuleta za 15 anapaswa kurekebisha kazi. Muandikie kwanza yeye, ukiambatisha mchoro uliotiwa saini. Msipoafikiana, wasilisha malalamiko yako kwa Tume ya Ushindani pamoja na nakala za nyaraka hizo. Kwa upande mwingine, mlaji aliyeidhinisha mchoro wenye maneno mengi, baada ya fundi kumweleza athari yake, atakuwa na hoja dhaifu. Mchoro huo uliotiwa saini humlinda kila mmoja wenu.