Uvimbe wa maji kwenye titi baada ya hedhi kukoma

MWANAMKE wa miaka 55 au 60, ambaye hedhi yake imekoma kitambo, akigusa uvimbe kwenye titi anapooga, mawazo mawili humjia. La kwanza ni saratani, na usiku huo hapati usingizi. La pili ni kwamba huo ni uvimbe wa maji tu, kama ule uliompata dada yake akiwa na miaka 40, basi anajikausha na kuendelea na shughuli zake. Wazo hili la pili ndilo linalotuhusu leo.

Ndani ya titi mna tezi za maziwa na mirija midogo inayoyapeleka kwenye chuchu. Wakati mwingine majimaji hukusanyika humo yakafanya kifuko, mfano wa lengelenge lililojificha ndani. Tezi hizi huchochewa na estrojeni, homoni inayotoka kwenye ovari. Ndiyo maana vifuko hivi huwapata zaidi wanawake wa miaka 35 hadi 50, hasa hedhi inapoanza kuruka miezi. Hedhi ikishakoma, estrojeni hupungua na vifuko vingi hunywea vyenyewe.

Kwa hiyo, mama wa miaka 60 anayepata uvimbe mpya hawezi kujituliza kwa hesabu ya mwenye miaka 40. Huenda kweli ni maji, kwani hata katika umri huo vifuko hupatikana. Lakini hatari ya saratani huongezeka kadiri umri unavyosonga, na humu nchini saratani ya matiti ndiyo huwapata wanawake wengi kuliko saratani nyingine yoyote.

Wako pia wanaomeza vidonge vya homoni ili kupunguza joto la ghafla na jasho la usiku. Kwao estrojeni imerudishwa mwilini, na vifuko vinaweza kubaki au kutokea upya. Isitoshe, mwaka wa 2002 uchunguzi mkubwa wa Marekani, uliohusisha wanawake zaidi ya 16,000 waliokwisha kukoma hedhi, ulisimamishwa kabla ya wakati wake. Ilionekana kwamba waliomeza estrojeni pamoja na projestini walipata saratani ya matiti kuliko wale waliopewa vidonge visivyo na dawa. Ikiwa unatumia vidonge hivi, mwambie daktari hata kama hajakuuliza.

Wengi husema, "Hauniumi, basi si kitu." Maumivu hudanganya. Kifuko cha maji kikijaa haraka huuma kikiguswa, ilhali saratani changa mara nyingi haiumi hata kidogo. Vidole navyo havitoshi. Kifuko kilichojaa sawasawa huwa kigumu kama kokwa, na hata daktari mzoefu hawezi kuapa kwa kugusa tu.

Mamogramu, yaani eksirei ya matiti, huonyesha uvimbe vizuri kwa mama wa umri huu, kwa sababu mara nyingi titi lake lina mafuta mengi kuliko tezi. Hata hivyo, haiwezi kutofautisha maji na nyama. Kazi hiyo ni ya ultrasaundi, mashine ile ile wanayopimiwa waja wazito. Katika picha yake maji hutokea meusi ti. Kifuko chenye ukuta mwembamba na kisicho na kitu kingine ndani si saratani, na hakihitaji kisu hata ukiwa na miaka 70. Kikiuma, daktari hukifyonza kwa sindano kwa dakika chache. Maji ya manjano, ya kijani au ya kahawia yasikutishe. Yakiwa na damu, yapelekwe maabara. Na uvimbe ukibaki baada ya kufyonzwa, au ukirudi pale pale, urudi hospitali.

Mambo hubadilika ikiwa ukuta wa kifuko ni mnene, au kuna nyama ndani ya maji. Hapo usikubali kuambiwa, "Ni maji tu, nenda nyumbani." Inafaa kipande kidogo kitolewe kwa sindano maalum kikapimwe. Kuna wanaokataa wakidai kwamba sindano huamsha saratani ikatapakaa. Hofu hiyo imewachelewesha wengi, nao uvimbe haukungoja.

(Wanaolaumu pesa na simu zinazotiwa kwenye sidiria hawana ushahidi wowote. Zitie utakapo, mradi zisiibwe kwenye matatu.)

Ukiona ngozi ya titi imekuwa kama ganda la chungwa, chuchu iliyokuwa nje imeingia ndani, chuchu inatoa damu, au kuna uvimbe kwapani, nenda wiki hiyo hiyo. Ukipigwa picha, itishe ripoti na uziweke pamoja na picha zako. Daktari atakayekupima mwaka ujao atataka kulinganisha.