Ramadhani, Siku ya 22: Zakatul Fitri Yako Imefika kwa Nani?



Ndugu zangu, tumeingia kumi la mwisho. Mikono inafunguka, na wengi wenu hamji tena na bahasha msikitini, mnatuma kwa simu. Ni jambo jema. Lakini matapeli nao kalenda yetu wanaijua vizuri tu.

Tuanze na swali la fiqhi. Umetuma pesa ya zakatul fitri ya watu sita wa nyumbani kwako, ikaingia kwa tapeli. Je, umetoa? Ingekuwa sadaka ya kawaida, thawabu ya nia haipotei inshaallah. Mnaikumbuka ile hadithi katika Bukhari ya mtu aliyetoa sadaka usiku ikaangukia mkononi mwa mwizi. Zakatul fitri ni kitu kingine: ni haki ya maskini iliyo shingoni mwako, na haijamfikia. Itabidi utoe tena, kabla ya swala ya Idi. Kwa hiyo kuhakiki namba si dhana mbaya wala si ubahili. Suratul Hujuraat aya ya 6 inatuamrisha tuichunguze habari kabla hatujaifanyia kazi, na ujumbe wa simu nao ni habari.

Ule wa "ile hela tuma kwenye namba hii" mnaujua. Unaowamaliza watu siku hizi ni wa WhatsApp. Mtu anakuandikia: nimekutumia namba sita kimakosa, hebu nisomee. Ukimsomea, umemkabidhi akaunti yako. Baada ya muda "wewe" unachangisha pesa za mgonjwa kwenye kundi la ukoo, na shangazi anatuma bila kuuliza. Ukiona ombi kama hilo, mpigie mhusika simu ya kawaida, usikie sauti yake.

Mwingine atasema amekosea kutuma, umrudishie. Usisome ujumbe, angalia salio. Kama pesa imeingia kweli, ni amana, usiile. Ila usiirudishe kwa mkono wako. Piga 100, kampuni iirudishe ilikotoka. Ukimtumia wewe, kisha naye akaomba muamala wake ubatilishwe, utakuwa umelipa mara mbili. Namba ya siri usimpe yeyote, hata anayejiita mfanyakazi wa mtandao.

Sasa sisi wa kamati, tunapokeaje? Misikiti mingi inachangisha kwa laini ya mtu binafsi. Mimi hilo silipendi, hata mtu awe mwaminifu vipi. Mweka hazina akifariki leo, pesa za futari zimechanganyika na za kwake. Warithi watajuaje ipi mirathi na ipi ya mayatima? Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, Baqara 282, inahusu kuandikiana madeni, na waliosomewa mara ya kwanza walikuwa waaminifu kuliko sisi.

Lipa namba yenye jina la msikiti inaondoa mengi ya hayo. Jina linatokea kabla mtoaji hajaweka namba ya siri, na taarifa ya miamala inapatikana ikasomwa mbele ya waumini. Ulizeni makato kwanza, mitandao haifanani. Na karatasi ya namba iliyobandikwa mlangoni ikaguliwe kila siku. Kubandika nyingine juu yake ni kazi ya dakika moja. Mtoaji, ukiona jina si la msikiti, ishia hapo hapo.

Ukimtumia maskini moja kwa moja, weka na ya kutolea. Haki yake isipungue njiani.

Ujumbe wa kitapeli utume kwenda 15040, ya TCRA. Kisha piga *106# uone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Ukikuta usiyoijua, nenda kwa mtandao husika waifute.

Leo baada ya Taraweh vijana wetu watakaa barazani kumsaidia anayetaka kuwasha uthibitisho wa hatua mbili kwenye WhatsApp. Mleteni mzee na simu yake. Namba ya siri ataibonyeza mwenyewe.

Wabillahi tawfiq.